Kingo Zilizonyooka kwenye Ubao wa Misumari

Mnunuzi akiishika skafu iliyofumwa kwa mkono, jicho lake huenda kwenye rangi, lakini vidole vyake huenda pembeni. Huuvuta ukingo kidogo, huupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo huuliza bei. Katika mji kama Himo, ambako mitumba iliyofumwa kiwandani hutandazwa chini kwa bei nafuu, vidole hivyo ndivyo vinavyoamua kama kazi yako ni ya fundi au ya anayejifunza. Katikati ya kitambaa karibu kila mtu hufuma vizuri baada ya muda mfupi. Kingo ndizo huchelewa kunyooka, na huchelewa kwa sababu zinazojulikana.

Mwongozo huu ni wa anayefumia ubao: kipande cha mti chenye safu ya misumari, uzi unaopitishwa msumari kwa msumari, na kulabu ya kuvusha kitanzi cha chini juu ya kichwa cha msumari. Ni chombo rahisi. Seremala yeyote wa Himo anaweza kukitengeneza kwa mabaki ya mbao, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa kukitumia. Mji wenyewe ni wa joto na vumbi. Hapo jirani, Njia Panda, barabara ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika, moja ikienda Moshi na nyingine Holili hadi Taveta. Lakini wenye kuhitaji vitu vya kufuma hawako mbali. Safari fupi ya daladala kupanda Marangu, Mwika au Kilema, hewa inabadilika. Juni na Julai huko juu ukungu hushinda migombani na mtoto hatoki nyumbani bila sweta. Marangu ndiko pia wapandaji wanakoanzia njia yenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, kuelekea kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, na wapagazi wanaopita humo wanajua vizuri kofia inayobana masikio na ile inayopanda juu kila ukiinama. Kwa hiyo unafumia kwenye joto vitu vitakavyovaliwa kwenye baridi. Mkono wenye jasho una athari yake kwenye ukingo, nitaifikia.

Kwanza amua ukingo utafanya kazi gani

Wengi hufundishwa namna moja ya ukingo, kisha huitumia kwenye kila kitu. Naona hapo ndipo shida nyingi zinapoanzia, kwa sababu kingo hazifanyi kazi moja. Ukingo wa skafu au wa blanketi la mtoto utaonekana na kuguswa siku zote. Unatakiwa uwe laini, mnyoofu, usiojikunja. Ukingo wa kipande cha sweta utazama ndani ya mshono. Uzuri wake hakuna atakayeuona, ila vitanzi vyake lazima vihesabike mstari kwa mstari, ili kipande cha mbele na cha mgongoni vikutane bila kuvutana. Kisha kuna ukingo utakaookotwa vitanzi vipya baadaye, kama wa shingoni au wa upande wa vifungo. Huo unataka matundu yaliyo wazi na yanayolingana.

Utasikia mara nyingi kwamba dawa ya ukingo mbaya ni kuruka msumari wa kwanza wa kila mstari. Ni dawa nzuri kweli, kwa skafu, kwa blanketi na kwa ukingo wa kuokotwa. Ukimaliza mstari kwenye msumari wa 24, unaanza unaorudi kwenye msumari wa 23, bila kuugusa wa 24. Ukifika msumari wa 1 unaufuma, kisha unageuka na kuanza na wa 2. Hivyo kila kitanzi cha pembeni kinabeba mistari miwili, kinarefuka, na vyote vinapangana kama mnyororo mmoja unaopanda ubavuni. Mnyororo huo unapendeza, na ukitaka kuokota vitanzi baadaye, matundu yake yanakusubiri.

Lakini kwenye kipande cha sweta kitakachoshonwa, usiruke. Fuma kila msumari, mstari baada ya mstari. Mshono safi wa sweta hupita kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili, ambako kila mstari una kijiti kidogo cha uzi kilicholala. Sindano huokota kijiti cha upande huu, halafu cha upande ule, na uzi ukivutwa kingo zote mbili hugeukia ndani na kupotea. Ukiwa umeruka msumari wa kwanza, kitanzi cha ukingoni kimebeba mistari miwili na kimelegea, kwa hiyo hakivishikilii vijiti hivyo kwa nguvu sawa. Sweta likivaliwa na mtoto anayepanda miti, mshono huo unafunguka vitundu vinavyoonyesha shati la ndani. Ukingo wa kushonwa haudai urembo, unadai uimara.

Jambo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1589 William Lee wa Calverton, Uingereza, alibuni mashine ya kufuma soksi, yenye safu ya sindano zilizopinda, kila sindano na kitanzi chake, kwa kanuni ileile ya safu ya misumari yetu. Mashine hiyo ilitoa kipande bapa, na bapa hilo lilihitaji kushonwa kingo kwa kingo kabla ya mguu kuingia. Kama kingo zisingelingana, soksi ingepinda mguuni.

Kwa nini kitanzi cha pembeni hulegea

Kitanzi cha katikati kina majirani wawili. Kikiwa kikubwa kidogo, ziada yake inagawanyika kushoto na kulia, na jicho halioni kitu. Cha pembeni kina jirani mmoja tu. Upande wa pili uzi unageuka hewani kurudi ulikotoka, na ziada yote ya mstari mzima, iliyosukumwa na kulabu msumari kwa msumari, inakuja kuishia pale. Ongeza na hili: ukifika mwisho wa mstari mkono unapumzika. Unashusha pumzi, unaitika salamu ya mpita njia, uzi unalegea kidoleni, halafu unaendelea. Ulegevu wa wakati huo mdogo unabaki kwenye kitambaa.

Watazame mafundi wa masweta ya shule wanaotumia mashine za mkono. Mashine ya nyumbani ya kawaida, kwa mfano nyingi zilizotengenezwa na Brother, ina sindano 200 zilizopangwa kwa nafasi ya milimita 4.5, na juu yake umesimama waya mwembamba wenye springi, uzi ukipitia kwenye ncha yake. Kigari kinachopitishwa juu ya sindano kikifika mwisho wa mstari na kugeuzwa, waya huo unainuka na kuvuta uzi uliolegea papo hapo. Fundi pia hutundika vyuma vizito kwenye kingo mbili za kitambaa, na kila baada ya mistari kadhaa huvisogeza juu, karibu na sindano. Mashine imepewa vitu viwili kwa ajili ya ukingo, kwa kuwa walioiunda walijua kitambaa huharibikia hapo.

Ubao wako hauna waya wala vyuma. Kidole chako cha shahada ndicho kitakachofanya kazi ya waya. Pitisha uzi juu ya kidole cha shahada, chini ya cha kati, juu ya cha pete, ili ukitaka kuubana ubane kwa kukunja vidole kidogo tu, bila kuuvuta kwa mkono mzima. Bonge la uzi liwe kwenye beseni au bakuli pana sakafuni, upande wa mbele yako, lizunguke lenyewe. Bonge lililo kwenye mfuko wa plastiki hukwama na kuachia, hukwama na kuachia, na kila likikwama linakaza kitanzi unachokifuma wakati huo.

Sasa kugeuka kwenyewe, ambako ndiko ningetaka utumie muda wako mwingi wa kujifunza. Ukifika msumari wa mwisho, fuma kitanzi chake kama vingine. Usiuachie uzi. Kabla ya kufanya lolote kwenye mstari unaorudi, vuta uzi kuelekea chini, nyuma ya misumari, mpaka kitanzi cha msumari wa mwisho kiuguse msumari pande zote bila kuubana. Kipimo chake ni kulabu: iweze kuingia kati ya kitanzi na msumari bila kulazimishwa, na isitikisike ikishaingia. Kisha anza mstari, kwa kuruka au bila kuruka kulingana na kazi ya ukingo wako. Baada ya kufuma msumari wa pili, vuta tena, kidogo sana. Mvuto huu wa pili ndio unaosahaulika, nao ndio wenye faida kubwa zaidi, kwa sababu kitanzi cha kwanza hakikai mahali pake mpaka cha pili kikishike. Ukivuta kwa nguvu mara moja tu mwanzoni, ukingo utakuwa na kitanzi kilichobana kikifuatwa na kilicholegea, na utaonekana umetafunwa.

Namna uzi unavyowekwa kwenye msumari nayo ina uzito wake. Ziko tatu unazohitaji kuzijua. Ya kwanza ni kuuzungusha msumari mzunguko mzima. Ni rahisi kwa mikono na hutoa kitanzi kikubwa kuliko vyote, kilichojipinda miguuni. Ya pili ni kuuzungusha nusu, uzi ukipita mbele ya msumari, ukaukumbatia na kurudi nyuma bila kukamilisha mzunguko. Ya tatu ni kuulaza tu mbele ya msumari juu ya kitanzi kilichopo, kisha kuvusha. Hii hubana sana, na mistari mitatu ikipita bila uangalifu kulabu haiingii tena. Wanaoanza karibu wote hutumia mzunguko mzima, na kwa skafu nene hakuna ubaya. Ila kwenye misumari miwili ya mwisho ya kila upande, tumia nusu mzunguko. Kitanzi cha pembeni kitapata uzi mchache zaidi, kitafidia ulegevu wa kugeuka, na mnunuzi hatatambua kwamba umebadilisha kitu.

Ukifuma mistari 10, simama uziangalie kingo mbili kwa pamoja. Mara nyingi mmoja ni mzuri na mwingine umelegea. Kwenye ubao hugeuzi kitambaa. Kinachogeuka ni mwelekeo wa uzi, na mkono wako hauvuti sawa ukitoka kushoto kwenda kulia na ukirudi. Ukishajua upande wako dhaifu ni upi, mvuto wa ziada uupe upande huo peke yake. Kuzivuta kingo zote mbili kwa sababu mmoja umelegea kutaukaza ule uliokuwa mzuri, na skafu itapinda upande mmoja.

Jasho la Himo linaingia hapa. Uzi wa akriliki, ambao ndio mwingi madukani, hung'ang'ania ngozi yenye unyevu, kidole hakiuachii kwa wakati, na kingo zinabana mchana kisha zinalegea jioni kukipoa. Kitambaa kinatoka na kiuno. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, paka poda kidogo kwenye kidole cha shahada, au panga kufuma asubuhi na jioni peke yake. Na kama uzi ni mweupe au wa maziwa, tandika kanga safi mapajani, kwani vumbi hukamatwa kwanza na ukingo, na ukingo wenye vumbi huonekana mbovu hata kama umenyooka.

Ubao wenyewe

Kasoro nyingine za ukingo zinatoka kwa seremala. Agiza ubao wa mbao kavu iliyopigwa randa, urefu wa sentimita 60, upana wa 8, unene usiopungua 2. Mgravilea uliokauka vizuri unatosha na si mzito. Misumari ya inchi moja na nusu ipangwe sentimita moja moja kwa mstari uliochorwa kwa rula, iingie mbaoni angalau theluthi moja ya urefu wake. Vichwa vikatwe na ncha zisuguliwe kwa tupa na msasa, vinginevyo kila kitanzi kitanyofoa nyuzinyuzi kikivushwa. Mwambie seremala atoboe kwanza matundu madogo kwa drili ili mbao isipasuke na msumari usimame wima.

Misumari unayoanzia na kumalizia hupata mvuto wa upande mmoja tu, kuelekea katikati, na baada ya muda huinama kwa ndani. Msumari ulioinama milimita mbili unakupa kitanzi kidogo mara zote, na utadhani kosa ni la mkono wako. Kwa hiyo usitumie kila siku misumari ileile ya mwisho. Leo anza na wa 1, kazi nyingine ianzie wa 8 au wa 15. Pigilia pia msumari mmoja peke yake kwenye ubavu wa ubao, wa kufungia mwanzo wa uzi, ili fundo la kuanzia lisiukalie msumari wa kwanza na kuunenepesha ukingo.

Kwa nafasi ya sentimita moja na uzi mnene, au nyuzi mbili za kawaida zikifumwa pamoja, misumari 24 hutoa skafu ya sentimita 20 hivi, kwa maana kitambaa kikitoka ubaoni hujivuta. Fuma kipande cha kujaribia cha misumari 20 na mistari 20, kitoe, kilale usiku mmoja, ndipo ukipime. Kitambaa kikiwa bado ubaoni kimetanuliwa na misumari, na vipimo vyake si vya kuaminika.

Ukingo unaojikunja

Huu ni ugonjwa tofauti na ulegevu, na kuvuta uzi hakuuponyi. Kitambaa cha kawaida cha ubao kina uso wenye vitanzi vilivyosimama wima na mgongo wenye matuta yaliyolala. Uzi uliopindwa unataka kunyooka, na kwa kuwa kila kitanzi kimepindwa upande uleule, nguvu zao zinajumlishana: kingo za ubavuni zinajikunja kuelekea mgongoni, na za juu na chini zinajikunja kuelekea usoni. Hakuna pasi wala jiwe litakalokomesha hilo kwa kudumu. Kinacholikomesha ni kuchanganya pembeni vitanzi vya uso na vya mgongo, vikavutana kinyume na kutulia.

Kitanzi cha mgongo kinafumwa hivi: uzi unauweka chini ya kitanzi kilicho kwenye msumari, kulabu inaingia kutoka juu kupitia kitanzi hicho, inaudaka uzi na kuupandisha, kitanzi cha zamani kinatolewa msumarini na kipya kinawekwa mahali pake. Ni polepole, kwa hiyo usikitumie kote. Kwenye misumari minne ya kila upande, fuma mstari mmoja kwa vitanzi vya uso na unaofuata kwa vya mgongo. Katikati endelea na uso peke yake. Chini na juu ya skafu fanya hivyo kwa upana mzima, mistari sita hadi minane. Ukiwa unaruka msumari wa kwanza, endelea kuuruka, na ule wa mwisho wa mstari ufume kwa uso daima, hata kwenye mstari wa mgongo, ili mnyororo usikatike.

Usipanue mpaka huo kupita misumari minne au mitano. Mistari ya uso na mgongo inayopishana hukaribiana zaidi kuliko ya uso peke yake, na mpaka mpana unakuwa mfupi kuliko kitambaa cha kati. Matokeo yake skafu inatuna katikati na kuvutwa pembeni. Ukitaka mpaka mpana, kwa blanketi la mtoto tuseme, pishanisha uso na mgongo ndani ya mstari uleule, msumari huu uso, unaofuata mgongo, kisha mstari wa juu yake ugeuze: palipokuwa na uso weka mgongo. Kitambaa cha namna hiyo hulala bapa na kinakwenda sambamba zaidi na cha kati.

Nikiwa bado kwenye blanketi la mtoto, ukingo wake uwe mgumu kidogo kuliko wa skafu. Kitanzi kilicholegea pembeni kinatosha kuingiza kidole cha mtoto mchanga na kujisokota, na mtoto hawezi kusema kinachomliza. Pitisha kidole chako kidogo ukingo mzima. Kikiingia popote, pakaze.

Mwanzo na mwisho

Ukianza kwa kuizungusha misumari tu, ukingo wa chini utakuwa umelegea na kujaa matundu, na hautafanana na wa juu. Anza kwa kroshia, ambayo wafumaji wengi wa vitambaa vya meza wanayo tayari nyumbani. Uzi ukae nyuma ya misumari, kroshia mbele; piga mnyororo mmoja kuuzunguka kila msumari, na kitanzi kilichobaki kwenye kroshia kivike msumari wa mwisho.

Kufunga juu, tumia kroshia hiyohiyo. Toa kitanzi cha kwanza, piga mnyororo mmoja, toa cha pili na ukipitishe, piga mnyororo mmoja, endelea. Mnyororo wa katikati ndio unaoupa ukingo wa juu nafasi ya kuvutika. Bila huo skafu inakuwa nyembamba mwishoni. Shingo ya sweta inahitaji kuvutika zaidi ya hapo: kata uzi wenye urefu mara tatu hadi nne ya upana, uutie kwenye sindano butu, na ufunge kwa kushona kitanzi kwa kitanzi. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko shingo yake, na shingo isiyovutika hukatwa kwa wembe siku ya pili.

Uzi mpya ukiunganishwa, fuata kazi ya ukingo. Kwenye sweta la kushonwa, unganisha pembeni kabisa, mikia itazama kwenye mshono. Kwenye skafu isiyo na mshono, unganisha misumari mitano au sita kabla ya ukingo, kwa maana mikia miwili iliyofichwa kwenye mnyororo wa pembeni huuvimbisha pale, na vidole vya mnunuzi vitasimama hapohapo.

Uzi wa sweta la mtumba

Kufumua sweta la mtumba ni njia nzuri ya kupata uzi mzuri, hata wa sufu, kwa bei ndogo, na masoko ya Memorial na Kiboriloni kule Moshi yana mengi. Hapo tena ukingo ndio wa kuangalia. Geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiuona umepigwa ovaloki, kitambaa kilikatwa kwa mkasi, na ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi, kimoja kwa kila mstari. Ukiona kingo mbili nzima zenye vitanzi vilivyoungwa kwa uzi mmoja, lichukue: litafumuka kuanzia juu hadi chini bila kukatika.

Choma ncha ya uzi kwa kiberiti kabla hujaamua matumizi yake. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na hubaki jivu linalosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga nyeusi, ngumu. Uzi uliofumuliwa umejaa mikunjo, na mikunjo hiyo huzifanya kingo ziyumbe hata mkono ukiwa mtulivu. Uviringishe kwenye mgongo wa kiti uwe shada, lifunge sehemu nne, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha litundike kivulini na kitu kizito kidogo chini yake hadi likauke.

Kunyoosha na kutengeneza

Sufu inakubali maji. Ioshe taratibu, iminye ndani ya taulo, ilaze juu ya godoro lililotandikwa shuka, uzibane kingo kwa pini kwa mstari ulionyooka, na uiache ikauke. Itabaki ulivyoibana. Akriliki haikubali maji peke yake, inataka mvuke. Lakini pasi ikiigusa moja kwa moja inalala, inang'aa na kulegea, na hakuna cha kuirudisha. Pasi ya mkaa ni ya hatari zaidi kwa kuwa joto lake halipangiki. Tandaza kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya ukingo, shikilia pasi juu yake bila kukandamiza, mvuke upite, inua, acha ipoe kabla ya kuisogeza.

Kitanzi kimoja kilicholegea hakihitaji kufumua kazi. Kwa ncha ya sindano butu, vuta ziada yake kuingia kitanzi cha jirani, kutoka hicho kwenda kinachofuata, mpaka igawanyike kwenye vitanzi vinane au kumi na isionekane tena. Ukingo mzima ukiwa umeyumba, upigie kroshia mstari mmoja kuuzunguka, kwa uzi uleule au wa rangi nyingine. Idadi ndiyo siri. Kwenye ukingo wa mnyororo, piga kimoja katika kila kitanzi cha mnyororo, na kama unavuta, kila baada ya viwili ongeza kimoja. Kwenye ukingo ambao hukuruka msumari, piga vitatu kwa kila mistari minne. Ukiona mawimbi, umezidisha. Ukiona kitambaa kinakunjamana, umepunguza. Fumua kipande kifupi urekebishe kabla hujafika mbali. Ukifika kona, tia vitatu katika tundu moja ili kona ilale, kisha geuka uendelee na upande unaofuata.